Nyasi Chini ya Dirisha

Kila asubuhi, kabla Chura hajafunga kamba za viatu, mama yake alikuwa ameshajaza chupa ya maji na kuizungushia kitambaa kibichi ili isipate moto njiani. "Irudi tupu," mama alisema, uzi ungali mdomoni, maana alikuwa fundi cherehani na kazi yake ilianza kabla ya chai. Na kila alasiri chupa ilirudi tupu. Mama alifurahi. Chura aliangalia pembeni.

Jina hilo hakupewa na wazazi, msidhani. Alibandikwa siku yake ya kwanza katika shule hii. Kule walikotoka hewa ilikuwa nzito, nguo zilishinda kambani na bado zikanuka uvundo, na mtu akitembea kidogo tu jasho lilimtiririka mpaka visiginoni. Huku jangwani, ambako baba alipata kazi ya kujenga barabara, nguo ya kwanza ilikauka kabla mama hajaanika ya mwisho. Midomo ilimpasuka, pua ilimwasha, usingizi ulimkataa. Siku ile ya kwanza alikunywa maji kila mwalimu alipogeukia ubao, mpaka msichana mmoja, aliyeitwa Mshale kwa sababu ya mbio zake, akasema, "Jamani, tumeletewa chura!" Darasa zima likaangua kicheko, na jina likamganda.

Tangu hapo hakunywa tena maji shuleni. Hakuwaona wenzake wakinywa darasani, kwa hiyo aliamini kwamba wenyeji wa jangwani hawana haja ya maji. Tena alipojipapasa mgongoni, shati lilikuwa kavu. "Sitoki jasho," alijiambia, "maji ya nini?" Wakati wa mapumziko, wenzake wakishatoka mbio, alibaki nyuma na kuinamisha chupa dirishani.

Lakini ardhi ya jangwa haitunzi siri. Haukupita muda mrefu, chini ya dirisha lile pakaota nyasi za kijani kibichi, wakati uwanja mzima ulikuwa vumbi tupu. Mlinzi wa shule, mzee wa maneno mengi, alipoziona alishika kichwa. "Bomba limepasuka!" Akachukua jembe, akachimba leo, akachimba kesho, bomba halionekani. Chura alisikia kila pigo. Hakutulia kitini, mara aegemee huku, mara kule, mara atafune kalamu.

Hakuthubutu kusema, maana Ijumaa ile mwalimu wa michezo angechagua wasichana wa mbio za kupokezana kijiti. Kule kwao hakuna aliyemshinda kwa mbio. Akichaguliwa, alifikiri, watamjua kwa miguu yake, na jina la Chura litakufa lenyewe.

Ijumaa ikafika na jua lake. Kichwa kilimgonga tangu asubuhi, lakini alijikaza. Mshale akaja kasi, akampa kijiti. Chura alikimbia hatua chache, uwanja ukazunguka, kijiti kikamponyoka. Akaanguka.

Walimlaza kivulini barazani. Mwalimu alimwekea kitambaa cha maji shingoni na kumnywesha taratibu, fundo moja moja. Mama aliitwa, akafika akihema, utepe wa kupimia bado shingoni.

"Alikunywa maji leo?" mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, huyu humaliza chupa nzima kila siku! Naiona inarudi tupu. Basi ana ugonjwa mwingine. Tangu tuje halali, hatulii." Mama alitoa simu. "Nampigia baba yake aache kazi. Turudi kwetu."

Turudi kwetu! Ndiyo maneno aliyoyaomba Chura kila siku. Angenyamaza tu, yangetimia. Lakini aliyaona machozi ya mama, akalisikia jembe la mlinzi, na moyo ukamuuma kuliko kichwa.

"Mama, usipige. Siumwi ugonjwa mwingine. Yale maji... nilizinywesha zile nyasi."

Jembe likanyamaza. Mlinzi akachungulia kutoka shimoni, vumbi mpaka kwenye kope. "Ati nini? Nimechimba mpaka nusura nitokee upande wa pili wa dunia, kumbe bomba lenyewe ni wewe?"

Watoto walicheka. Mama hakucheka. "Kwa nini, mwanangu?"

"Wananicheka nikinywa. Wao wenyewe hawanywi. Na huku sitoki jasho, mama."

"Nani hanywi?" Mshale alidakia. "Tunakunywa nyumbani kabla ya kuja, na mapumziko tunajazana bombani nyuma ya jiko. Wewe hutoki nje, utatuonaje?" Kisha akainamisha kichwa. "Na lile jina nilitania tu. Nisamehe."

Mama aligeuza kola ya shati la mwanawe kwa mkono wa fundi. Kwenye kitambaa cha bluu kulikuwa na michirizi myeupe. "Nilidhani ni sabuni ambayo sikuisuuza vizuri. Hebu onja."

Chura akagusa kwa ulimi. Chumvi.

"Jasho lako hilo," mama alisema. "Hewa ya huku inalinywa kabla hujaliona."

"Na wewe usingoje kuliona," mwalimu aliongeza. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo tumekuwahi. Nenda zahanati wakupime, kisha upumzike. Ukipona, utakimbia tena mbele yangu."

Alipopata nafuu, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsaidia mlinzi kufukia shimo. Alimwomba msamaha, naye mzee akanung'unika mpaka koleo la mwisho, kisha akampa mkono. Siku ya kukimbia tena, Chura alisimama katikati ya uwanja, akainua chupa na kunywa mbele ya macho ya wote.

"Chura, nibakishie!" Mshale alimpigia kelele.

Akacheka, akampa. Jina halikuuma tena. Jioni alirudi nyumbani akikimbia kumwambia mama kwamba amechaguliwa. Mama alimkumbatia, kisha akamshika kidevu na kuitazama midomo yake. Ilikuwa imepona.

"Sitaikagua chupa tena," mama alisema. "Mimi ulinidanganya, nikadanganyika. Mwili wako hukuweza kuudanganya hata siku moja. Afya ni yako, mwanangu, na ukweli unaanzia kwako mwenyewe."

Shuleni, chini ya dirisha, nyasi zilikuwa zimeanza kukauka.