Ujumbe wa Mbele Kwenye Foleni

Hebu tulia kidogo, uone akilini chumba cha kupanga pale Majengo, mjini Moshi, juu ya duka la mafundi cherehani. Ni saa tisa mchana. Meza moja, kompyuta moja, kikombe cha chai ya maziwa bado kinafuka. Anayekaa humo ni Hellen, mwandishi wa programu za kompyuta. Humo hamna jiko wala sufuria, lakini siku hiyo palinukia mtori, zile ndizi anazopikiwa mzazi akishajifungua. Tena mtori unaoungua.

Hellen akachungulia dirishani. Hakuna aliyekuwa anapika.

Kazi yake nikueleze polepole. Huko mlimani, mjamzito akiwa hatarini, yeye au muuguzi wake hutuma ujumbe kwa simu. Jumbe hizo hupanga foleni kwenye kompyuta kadhaa zilizo mbalimbali, ili moja ikizimika nyingine zishike. Programu ya Hellen huchukua ujumbe wa mbele, humpigia dereva wa gari la wagonjwa, na dereva akishaitika ndipo humjibu mtumaji, "Umepokelewa," na kuutoa ujumbe kwenye foleni. Dereva kwanza, jibu baadaye.

Mwanzoni Hellen alikuwa ameugeuza utaratibu huo. Alitaka wakubwa waone majibu yanarudi upesi, basi programu ikawa inajibu kwanza, halafu ndiyo inapiga simu. Mwezi wa nne, siku ya mvua kubwa, umeme ukakatika katikati ya mambo hayo mawili. Jibu lilikwisha kufika Kibosho, huko mlimani, kwa mjamzito aitwaye Dominika. Dereva hakupigiwa. Umeme uliporudi, foleni ilihesabu ujumbe ule umekwisha kushughulikiwa, haikupiga tena. Dominika akafa na mtoto tumboni. Hellen alipogundua kosa lake, aliisahihisha programu, akafuta kumbukumbu ya ujumbe ule, akanyamaza. Hakumwambia mtu.

Sasa ujumbe aliokwisha kuufuta ulikuwa kwenye kioo cha kompyuta, mbele ya jumbe zote.

"Dominika, Kibosho. Damu inatoka. Gari liko wapi?"

Programu ikampigia dereva, Godlove. Hakupatikana. Ujumbe ukarudi mbele. Ikapiga tena, ukarudi tena. Nyuma yake ukaingia mwingine, wa muuguzi Yuditha, kutoka Kibosho hukohuko: mjamzito Violet ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, gari lije haraka. Lakini foleni haimruki wa mbele. Violet akakwama nyuma ya marehemu.

Hellen akaufuta ujumbe wa Dominika. Ukarudi. Akampigia Godlove kwa simu yake mwenyewe, akasikia mvua tu, mvua kubwa inayopiga mabati, na nje jua lilikuwa linawaka.

Akakimbia. Akafungua mlango, akashuka ngazi, akasikia cherehani zikivuma, akakanyaga vumbi la barabarani, na mguu wa pili ulipogusa chini alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mbele ya kompyuta. Akakimbia tena, safari hii akipiga kelele, akampita fundi aliyekuwa anapima suruali na fundi hakuinua kichwa, akavuka barabara, akashika ukuta wa duka la ng'ambo na kuusikia ulivyo wa moto viganjani, na ule ukuta ukawa meza yake, na chai iliyokuwa imemwagika alipoinuka ilikuwa imejaa kikombeni, inafuka, kana kwamba hakuwahi kuinuka, na harufu ya mtori ulioungua ikajaa chumbani, ndipo akaelewa kwamba anachukuliwa na kurudishwa, anachukuliwa na kurudishwa, kama ujumbe ambao hakuna aliyeumaliza.

Sauti ikatoka kwenye simu yake, taratibu, bila hasira.

"Dada, gari liko wapi?"

"Dominika," Hellen akanong'ona, "wewe ulishatutoka, dada yangu."

"Vijana walikuwa wamekwisha kukata miti ya machela wanibebe. Nikawaambia, tulieni, mtaanguka na mvua hii, simu imesema nimepokelewa. Mama mkwe akabandika mtori. Nani alinipokea?"

Hellen alilia. Angeweza kuusingizia umeme.

"Ni mimi. Nilisema nimekupokea, na sikuwa nimekupokea."

Mvua ikakatika ghafla ndani ya simu.

"Haloo? Haloo? Wewe Hellen, mbona unahema kama umebeba mkungu wa ndizi?" Ilikuwa sauti ya Godlove.

"Kaka, upo wapi?"

"Kibosho, nimeegesha hapa njia panda. Simu leo imelala kama mlevi."

Akamweleza yote, ya Violet na ya Dominika, kwa pumzi moja. Godlove hakutania tena.

"Nikienda kwa Violet napita mlangoni kwa kina Dominika. Hilo jambo haliombewi msamaha kwa simu, Hellen. Nakuchumia isale."

Isale huota mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya migomba ya ukoo. Ukiletewa jani lake na mtu anayeomba msamaha, hulikatai. Kwenye simu Hellen akasikia breki, kisha hatua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo jani la nani?" Alikuwa Hilaria, mama mkwe wa Dominika.

"La binti aliyejibu simu ya Dominika bila kuniita. Anaitwa Hellen."

Hellen aliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Nimelishika," Hilaria akasema mwishowe. "Lakini aje mwenyewe."

Foleni ikasogea. Ujumbe wa Violet ukapanda mbele, Godlove akaitika, na kabla ya magharibi mtoto wa kike alikuwa analia hospitalini.

Kesho yake mchana Hellen alipanda Kibosho. Hilaria hakumkaribisha ndani. Alimpeleka moja kwa moja hadi kaburini, kati ya migomba.

"Mama, naomba kuiona simu ya marehemu. Ujumbe ulitoka humo jana."

Hilaria akaonyesha kaburi kwa kidole.

"Simu yake tulimzika nayo. Vidole vilikataa kuachia."

Hellen akapiga magoti udongoni, akatoa simu yake, akaandika jibu kwa namba ya Dominika: "Nimefika." Akatuma.

Chini ya udongo, hatua mbili kutoka magotini pake, simu ikalia mara moja, kisha ikanyamaza.

Mpenzi msikilizaji, mengine unaweza kuyasahau. Nakuomba ukumbuke hili moja: usimwambie mtu umempokea kabla hujamfikia.