Picha ya Msiba ya Bibi Bunrye

Bibi Bunrye alikuwa na miaka themanini na mbili, lakini mdomo wake ulikuwa bado na miaka ishirini. Kila asubuhi alikaa barazani akimenya vitunguu saumu na kutafuta makosa. Makosa ya mbwa, makosa ya redio, makosa ya mkwe wake Sangchol. Yongran, bintiye wa pekee, alikaa kando yake na kisu kingine. Alikwisha kuzoea.

Asubuhi moja ya mwezi Mei, mama alisema, "Leo nataka kupigwa picha ya msiba."

Yongran aliacha kumenya.

"Mama! Kwani nani kafa?"

"Hajafa mtu. Ndiyo maana nasema leo. Au mnataka kunipiga nikishakuwa maiti?"

Wazee wengi wa kijiji walikuwa wamekwisha kupigwa picha hizo. Mtu akifa, picha yake kubwa huwekwa katikati ya maua meupe, na wageni humwinamia mara mbili, paji la uso mpaka sakafuni. Asiye na picha nzuri hukuziwa ile ya kitambulisho, mpaka pua inakuwa kama kiazi.

"Mimi msiniwekee ile ya kitambulisho," mama alisema. "Imechakaa, halafu nimenuna kama mwizi wa kuku aliyekamatwa. Mimi nataka niwatazame wageni wangu usoni. Mtu katoka mbali, anakula supu ya msiba wangu, halafu nisimtazame? Adabu gani hiyo?"

Basi Sangchol alitundika shuka jeupe ukutani. Alileta kamera ya dijitali aliyonunua kwa ajili ya biashara. Alikuwa akipiga picha vitunguu saumu vyake na kuviuza kwenye mtandao; picha za zamani alikuwa amekwisha kuzifuta zote. Mama alivaa hanbok yake ya kijani, vazi la sherehe alilolihifadhi miaka mingi. Alikaa wima kama jaji.

"Mkwe wangu, ukinikata kichwa nitakutokea ndotoni!"

"Mama, tulia basi. Tabasamu kidogo."

"Nicheke nini? Ni msiba!"

Sangchol alipiga picha kumi na nne. Katika kumi na moja za kwanza, mama alitazama kamera sawasawa. Kisha utepe wa vazi lake ukalegea, Yongran akaenda kuufunga, mama akaanza kumgombeza. Sangchol alipiga tatu nyingine katika vurugu hiyo, kwa mchezo tu.

"Lini zitasafishwa?" mama aliuliza.

"Karibuni, mama," Yongran alijibu.

Hazikusafishwa. Yongran hakutaka. Aliona kuwa kuileta nyumbani picha ile, ndani ya fremu nyeusi, ni kumharakisha mama yake. Sangchol alimkumbusha mara mbili, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Mama Ungyo, tuzitoe basi zile picha. Angalau niziweke kwenye kompyuta."

"Una haraka ya nini, Baba Ungyo? Unamtengea mama yangu kaburi?"

Sangchol alirudi kwenye vitunguu vyake. Nani angetaka kujibu swali kama hilo? Picha zilibaki ndani ya kamera, kwenye kadi ya kumbukumbu, kile kipande kidogo cha plastiki kisichofika hata ukubwa wa stempu mbili. Hakukuwa na nakala nyingine popote. Sangchol aliendelea kupiga picha vitunguu saumu kwa kadi hiyo hiyo, Juni na Julai yote.

Mwezi Agosti mama alianguka jikoni. Alilala hospitali siku mbili, na siku ya tatu, alfajiri, alifariki.

Ilipofika saa nne asubuhi, mwili ulikuwa umepelekwa kwenye ukumbi wa misiba. Karani wa ukumbi alikuwa kijana mpole mwenye tai nyeusi. Maua meupe yalikuwa yamepangwa tayari. Katikati paliachwa nafasi tupu.

"Picha ya marehemu mnayo?" aliuliza. "Wageni wataanza kuingia saa tisa."

"Ipo," alisema Yongran. "Iko nyumbani."

Walikwenda nyumbani. Yongran aliingia chumbani kutafuta nguo za mama. Sangchol alikaa sebuleni na kamera. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia. Aliona kuwa kadi imejaa vitunguu saumu, akaamua kuvifuta ili karani azione picha za mama kwa urahisi. Akachagua, akabonyeza. Taa nyekundu ya kamera ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Alama ya betri nayo ikawa nyekundu.

Sangchol akaogopa betri isife. Akaichomoa kadi hapo hapo, taa ikiwa bado inawaka.

Alipoichomeka kwenye kompyuta, haikufunguka. Aliirudisha kwenye kamera. Kamera ikaandika: *Kadi ina hitilafu. Je, ungependa kuifomati?* Chini yake palikuwa na majibu mawili, Ndiyo na Hapana.

Yongran alimsikia akiguna, "Eh? Eh?" Alipotoka chumbani, mumewe alikuwa amekwisha kubonyeza Ndiyo.

"Imepona!" Sangchol alisema. "Tazama, sasa inafanya kazi." Akaielekeza kamera ukutani akabonyeza, na kubonyeza tena, kuhakikisha. Klik, klik, klik. Alipiga ukuta picha kumi na moja. Kisha akatafuta picha za mama mkwe wake. Kulikuwa na ukuta tu.

Yongran aliinyakua kamera. Alibonyeza mbele, alibonyeza nyuma. Ukuta, ukuta, ukuta.

"Umemfuta mama," alisema. "Umemfuta mama yangu!"

Sangchol alikaa chini sakafuni. Yongran alitaka kumpiga, na wakati huo huo alijua kwamba miezi mitatu mizima aliyekataa ni yeye. Majuto ni mjukuu, na siku hiyo mjukuu alifika mapema.

"Twende kwa Bang," alisema.

Bang alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwenye studio ya picha karibu na soko la mjini. Alianza kazi zamani za filamu, na kompyuta alijifunza akiwa na mvi. Alipomwona Yongran mlangoni na kipande cha plastiki ndani ya leso, alielewa kabla ya salamu.

"Pole sana, mdogo wangu. Nilisikia. Leta hapa."

Kwanza alisukuma kitufe kidogo kilicho ubavuni mwa kadi.

"Hii ni kufuli. Ikiwa chini, kadi haiwezi kuandikwa kitu kipya. Sasa niambieni kila kitu. Msinifiche, mimi si polisi."

Sangchol alieleza. Bang alisikiliza huku akifuta kwa kitambaa kikavu vile vipande vya rangi ya dhahabu vya kadi, vinavyogusana na kamera.

"Uliichomoa taa ikiwaka?"

"Ndiyo, dada."

"Taa ikiwaka, kamera inaandika. Unasubiri izimike. Kisha unazima kamera. Ndipo unachomoa. Kama betri inakwisha, weka nyingine. Ukichomoa katikati, ni kama kumpokonya karani kalamu akiwa anaandika jina. Daftari linaharibika."

"Kwa hiyo nimeziua kwa kuchomoa?"

"Hapo zilikuwa bado hai. Kadi ikikataa, mtu anaitoa, anaifuta hivi kwa kitambaa kikavu, anaijaribu kwenye kompyuta nyingine. Na ikiuliza uifomati, unajibu Hapana. Hapana! Kama picha zilizomo unazitaka, jibu ni hilo moja tu."

"Mimi nilijibu Ndiyo."

"Najua. Hata hapo bado kuna tumaini." Bang alimgeukia Yongran. "Chukua jengo la ghorofa. Ukifomati, unafuta majina milangoni. Mleta barua hamwoni mtu. Lakini wapangaji bado wamo ndani. Nina programu inayogonga mlango mmoja mmoja kuwatafuta."

Yongran alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kitu kibaya," Bang aliendelea, "ni kuingiza wapangaji wapya. Mpya akiingia, wa zamani anatoka na harudi. Kuna aliyepiga picha baada ya kufomati?"

Sangchol alitazama viatu vyake.

"Kumi na moja," alisema Yongran. "Alipiga ukuta."

Bang hakumlaumu. Aliichomeka kadi, akawasha programu, akaielekeza kuweka kila kitakachopatikana kwenye kompyuta.

"Kamwe usihifadhi kwenye kadi hiyo hiyo," alisema kwa sauti ndogo. "Utawafukuza waliobaki."

Kazi ilichukua karibu saa nzima. Walikaa kwenye benchi la wateja, chini ya picha za maharusi. Picha zilianza kutokea, moja moja. Vitunguu saumu. Vitunguu saumu ndani ya neti. Vitunguu saumu kwenye mizani. Yongran alivichukia kama vile vilikuwa na roho.

"Mama yuko wapi, dada?"

"Mdogo wangu, sikiliza. Baada ya kufomati, kamera huanza kupanga picha mpya mwanzoni mwa kadi. Na mama yako alipigwa mwanzo, kabla ya hivi vitunguu. Sitaki nikudanganye."

Saa nane kasoro robo programu ilimaliza. Zile picha kumi na moja nzuri hazikuwepo hata moja. Mahali pake palikuwa na ukuta wa sebuleni. Ya kumi na mbili ilikuwa nusu: nywele na paji la uso la mama, na chini yake rangi ya kijivu. Katika ya kumi na tatu alikuwa amefumba macho.

Iliyobaki ilikuwa moja. Mama alikuwa amegeuza shingo. Mdomo uko wazi kidogo, jicho kali, anamtazama mtu aliye pembeni. Chini ya kidevu chake palikuwa na mkono wa Yongran umeshika utepe.

Yongran alilia kwa sauti. Bang alimwacha alie, kisha akauliza, "Niufute huu mkono? Naweza. Kichwa lakini siwezi kukigeuza."

"Usiufute."

"Wageni watauliza."

"Waulize. Nitawaambia ni mkono wa mtoto wake mjinga."

Picha iliingia ukumbini saa tisa na dakika kumi. Wageni wa kwanza walikuwa wamekwisha kuinama mbele ya maua matupu. Siku zote tatu za msiba watu walikula supu nyekundu ya nyama, wakainama mara mbili, na Bibi Bunrye hakumtazama hata mmoja wao. Alitazama pembeni, akigombeza. Wengine walicheka kidogo, wakasema, ndiye huyo kabisa. Yongran aliitikia kwa kichwa. Lakini moyoni alijua kuwa mama aliomba kitu kimoja tu, na hakukipata.

Baada ya mazishi, mambo yalibadilika katika nyumba ile. Sangchol alinunua kadi ya pili, moja ya vitunguu na moja ya watu. Siku ya kupiga picha ndiyo siku ya kunakili: nakala moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski inayokaa kwa Bang mjini. Kadi haikufomatiwa mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kutazamwa kwa macho. Yongran aliandika karatasi akaibandika kwenye mfuko wa kamera: SUBIRI TAA IZIMIKE.

Tena hakuishia nyumbani kwake. Mwezi Novemba alikwenda kwa jirani yao, Bibi Nam, mwenye miaka themanini na tisa.

"Bibi, picha yako ya msiba iko wapi?"

"Alinipiga mjukuu wangu mwaka juzi. Imo kwenye kamera yake."

"Kwenye kamera tu?"

"Sasa ikae wapi? Kusafisha mapema ni mkosi. We mtoto, unataka nife?"

"Hapana, bibi. Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Mpigie simu mjukuu aje na kamera leo."

Bibi Nam alinuna, akamwita mdaku, akapiga simu. Jioni hiyo picha ilikuwa na nakala mbili. Kesho yake ilisafishwa kwa Bang, ikawekwa kabatini chini ya mablanketi, na bibi akakataza mtu yeyote kuitaja tena.

Bibi Nam alifariki mwezi Februari, theluji ikiwa bado barabarani. Hakuna aliyekimbia huku na huko. Mwanawe alifungua kabati, akaichukua fremu, na kabla ya saa tano asubuhi ilikuwa mahali pake.

Yongran alikwenda na mumewe. Alivua viatu, akawasha ubani, akainua macho. Bibi Nam alikuwa katikati ya maua meupe, ametulia, anamtazama yeye usoni. Yongran aliinama mara ya kwanza. Alipoinama mara ya pili hakuinuka. Alilia pale pale, paji la uso sakafuni, na wenye msiba walishangaa kuona jirani ana uchungu kiasi kile. Sangchol peke yake ndiye aliyejua ni wivu. Alipiga magoti kando yake, akamshika bega, akasubiri mpaka aweze kusimama.