Mgeni Aliyekubaliwa Bila Kutazamwa

Mmeningʼangʼania tangu asubuhi kama kupe, na nilishasema kisa hiki sipendi kukisimulia. Shule mimi niliiona dirishani tu. Ya ndani ya kompyuta msiniulize. Nasema alivyonieleza mwenyewe, mume wa mjukuu wangu, na yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Tulimwita Chapuchapu, maana hata chai aliinywa kama anafukuzwa. Kazi yake, aliyoifanyia nyumbani, ilikuwa kutengeneza programu ya kutoa kadi za familia: baba, mama, watoto. Kila akiigusa programu, mashine hutoa kadi ya majaribio na kuilaza juu ya ile ya zamani iliyokwisha kukubaliwa. Zikilingana, kijani. Zikihitilafiana hata kwa nukta, nyekundu, na hapo mtu anatakiwa atazame: ni kosa, au ndivyo nilivyotaka? Kama alitaka, hubonyeza Kubali, na tangu hapo kadi mpya ndiyo kipimo cha ukweli.

Chapuchapu hakutazama. Nyekundu kwake ilikuwa nzi wa kupunga. Bonyeza, kijani, twende. Tena kwa uvivu uleule, badala ya kubuni familia ya majaribio, akatia ya kwake: yeye, mke, na binti yao.

Mchana mmoja mke alipakua chakula, akajikuta ametoa sahani moja zaidi. Akacheka, akairudisha kabatini. Ukumbini kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua, na jiko limezimwa. Kisha kiti cha pembeni kikalia, kama mtu mzito anayejiweka sawa. Binti akaja jikoni, akasema polepole kwamba mgeni anaomba maji.

Mke akamwambia mumewe. Mume akajibu kwamba ana kazi, na watoto wana maneno. Siku hiyohiyo mashine ikawaka nyekundu tena. Akabonyeza.

Jioni walipokaa kula, mke alipakua sahani ya mume, yake, na moja akaiweka mbele ya kile kiti kitupu. Binti akamvuta nguo. "Mama, na mimi?" Mama akamtazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani aliyechelewa kurudi kwao.

Hapo ndipo Chapuchapu alipoifungua kadi na kuisoma. Baba. Mama. Mgeni. Chini kabisa, Binti, kwa herufi zilizopauka. Na mstari ambao hakuuandika: Wote wamo ndani. Akapekua programu nzima asione mahali panapomtaja mgeni. Akamfuta kwenye kadi. Mashine ikamwandika tena.

Akambeba mtoto, akamshika mke mkono, akafungua mlango wa mbele na kutoka, na mguu wake ukakanyaga zulia la ukumbi uleule aliokuwa akiukimbia, akageuka akatokea mlango wa nyuma akaingia ukumbini, akapenya dirisha la chumbani akaangukia ukumbini, na kila walipoingia kiti kilikuwa kimesogea karibu zaidi na ile harufu imezidi hata ikawakaa kwenye ulimi, na mtoto begani mwake akiwa mwepesi, kila mara mwepesi zaidi, kama nguo inayokauka kambani.

Simu tu ndiyo iliyokuwa ikipita. Akanipigia mimi, nami nikampelekea mganga, mwanamke mwenzangu mwenye goti bovu na mdomo mbovu zaidi. Aligoma kuvuka kizingiti. Alisema akiingia naye atakuwa ndani. Tukasimama nje, dirishani.

"Nani alimkaribisha?" akauliza.

"Hakuna, mama."

"Kuna aliyesema ndiyo."

Chapuchapu akainama. "Nilibonyeza tu. Sikutazama."

"Hawa hawana haja utazame. Wana haja ukubali." Akahema. "Mgeni huyu haondoki ila asindikizwe na mwenyeji aliyempokea. Na msindikizaji harudi."

Nyuma ya mumewe, mjukuu wangu aliushika mkono wa binti yake mwenyewe, akanong'ona, "Huyu mtoto ni wa nani?"

Chapuchapu hakuuliza la pili. Alijifuta katika familia ya majaribio. Mashine ikatoa kadi, ikawaka nyekundu. Safari hii aliisoma, kidole chini ya kila herufi: Mama. Binti. Herufi nyeusi tititi. Mgeni hayumo. Ule mstari wa chini haumo. Akabonyeza Kubali.

Mlango ukafungukia barabarani. Akatoka, na ile harufu ikapita puani mwangu nyuma yake, kama mtu na mwenzake.

Tuliokuwa nje ndio tunaokumbuka. Mjukuu wangu nikimwambia alikuwa na mume, ananipapasa bega: Bibi, pumzika. Naye Chapuchapu amepanga chumba mtaa wa pili. Juzi alipita pale nyumbani. Binti alikuwa akiruka kamba nje. Akamwona, akasimama kwa adabu.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu.

Akangoja kidogo. Mtoto akaendelea kuruka kamba.