Kifaa Kilichoshika Sabato

Risasi ilipasua kioo cha pembeni cha pikipiki. Vipande vikamrukia Sheila Bonareri mkononi.

Hakugeuka.

Aliinama juu ya tangi la ile TVS Apache, akaichomeka kwenye njia ya miguu iliyopita kati ya migomba na michai. Nyuma yake Prado nyeusi ilifunga breki kwa kishindo. Njia ile haikuwa ya gari. Ingebidi izunguke kilima kizima.

Kifaa cha sikioni kikakwaruza.

"Jiwe, hapa Kilele. Uko wapi?"

"Napanda Manga. Masese yuko nyuma yangu."

"Umeumia?"

"Sijaangalia. Kisii kukoje?"

Onsongo, mkuu wake katika idara ya upelelezi, alikohoa kwanza. Sheila alimjua. Huyo hukohoa akiwa na habari mbaya.

"Wamehamia mitungi ya oksijeni ya akiba. Haitafika jioni."

Mama yake, Tryphosa, alikuwa amelazwa hospitalini Kisii na bomba la oksijeni kooni.

Sheila akaongeza moto.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi, Wasabato wakivaa nguo za kanisa, Masese alikuwa ametoa amri moja tu kwenye kompyuta yake.

Zamani kila hospitali ya shirika la Nyota ilikuwa na mtandao wake na matatizo yake. Swichi ikiharibika Nyamarambe, fundi alitoka Kisii na begi mgongoni, akarudi na matope magotini. Kisha shirika likabadilisha kila kitu. Swichi, ruta, kamera, hata mtambo wa oksijeni, vyote vikawekwa chini ya usimamizi mmoja kwenye wingu la intaneti. Mtu anakaa ofisini na kikombe chake cha chai, anatoa amri mara moja, hospitali zote zinatii. Ilikuwa kazi nzuri. Masese, mkuu wa mitandao, alipigiwa makofi.

Aliyefunga vifaa kwa mikono yake alikuwa Ombui, kaka yake Sheila.

Ombui ndiye aliyeona kwenye kamera za mtandao huo maboksi ya dawa za ganzi yakiingia stoo bila kutoka kiwanda chochote. Dawa bandia. Mgeni mmoja aitwaye Varga alizivusha mpakani, Masese akazifichia njia. Ombui alimtumia dada yake ujumbe mmoja: nywila yake, na maneno "nikipotea, tumia hii."

Mwili wake ulitolewa Mto Gucha. Udongo wa kaburi lake ulikuwa bado haujashuka.

Na Jumatatu wakaguzi wangekuja. Kwa hiyo Masese alikuwa amefunga vifaa vyote, akafuta funguo za kidijitali za kila mtu, na sasa mitambo ilikuwa inajifuta mmoja mmoja. Valvu za oksijeni nazo zilikuwa zimejifunga. Hakuwa amezifikiria. Au alizifikiria, akaona sawa.

Nywila ya Ombui ilikuwa imekataa kila mahali.

Lakini asubuhi hiyo, kwenye skrini ya Onsongo, hospitali zote zilipogeuka nukta nyekundu, nukta moja ilibaki ya kijivu.

Manga.

Kijivu maana yake kifaa kimezimwa. Kilichozimwa hakipokei amri.

Sheila alicheka alipoiona ile nukta, na Onsongo akadhani amerukwa na akili. Alikuwa amekumbuka Ombui mezani kwa mama, akilalamika mdomo umejaa ugali: "Yule Mama Damaris wa Manga atanimaliza! Kila Ijumaa kabla jua halijazama anachomoa plagi. Nimemwambia, nimembembeleza, nimembandikia karatasi. Kile kifaa kinashika Sabato kuliko mimi."

Bahati mbaya, Masese naye alikuwa ameiona nukta hiyo.

*

Kanisa lilikuwa limejaa. Sheila alisimama mlangoni, damu ikimchuruzika kidoleni, bastola ya Glock imefichwa chini ya koti. Wimbo ukasita.

"Mama Damaris yuko?"

Mwanamke mnene mwenye kilemba cheupe akainuka safu ya mbele, akaja taratibu. Alikuwa msimamizi wa zahanati ya Nyota iliyokuwa ng'ambo tu ya ua la kanisa.

"Kama umetumwa na ofisi kwa ajili ya ile plagi," akanong'ona kwa ukali, "nimeshawaambia. Mashine nayo ni mtumishi. Siku ya saba ipumzike. Mnifukuze kazi Jumapili, si leo."

"Mama, mimi ni dada yake Ombui."

Uso wa mwanamke ukabadilika.

"Nyasae one, Mungu wangu! Yule kijana wa karatasi?"

"Huyo. Watu wanakufa Kisii. Nahitaji ufunguo wa stoo."

"Na Sabato?"

"Mama yangu ni mmoja wao."

Mama Damaris alikuwa tayari ameshaingiza mkono kwenye mkoba. "Kumponya mtu si kazi, mwanangu. Twende. Unachelewa kwa nini?"

*

Stoo ilinuka dawa ya mbu na mahindi. Kifaa kilikuwa rafuni, kimefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya sebuleni. Juu yake, karatasi ya Ombui kwa kalamu nyekundu: TAFADHALI USIZIME. ASANTE MAMA.

Sheila aliiangalia ile karatasi kwa muda mrefu kuliko aliokuwa nao.

"Jiwe! Prado imefika njia panda ya zahanati. Polisi wako mbali kidogo."

"Mbali kiasi gani?"

"Mbali."

Akachomoa kwanza waya wa mtandao wa nje. Kifaa kikiugusa mtandao tu, kingepokea amri ya Masese na kufa kama wenzake. Akafungua laptopu yake ya ThinkPad, akaiunganisha na kifaa kwa kebo fupi ya buluu.

"Mama, washa."

Mama Damaris akafumba macho, akasema neno na Mungu wake, akachomeka plagi.

Taa ya kijani. Feni ikalia.

Nywila.

Sheila aliiandika bila kuangalia vidole. Tangu mazishi alikuwa akiisema moyoni kama watu wengine wanavyosali.

Kifaa kikafunguka.

Ndani yake, ufunguo wa Ombui ulikuwa mzima, wa aina ile ambayo wingu lenyewe huiamini. Masese alikuwa ameufuta kwenye vifaa vyote vilivyoamka. Kilicholala hakukipata.

Akaunakili kwenye laptopu. Akaunganisha simu yake. Mtandao wa Manga ulipanda mstari mmoja, ukashuka, ukapanda.

"Njoo," akasema. "Njoo, baba. Njoo."

"Unaongea na nani?" Mama Damaris akauliza.

"Na Ombui."

Nje, mlango wa gari ukagongwa. Hatua zikaja mbio kwenye kokoto.

"Kilele, kama siwezi kumaliza, mwambie mama..."

"Maliza!" Onsongo akabweka.

Skrini ikafunguka. Hospitali zote, nyekundu. Akaingia kwa jina la marehemu. Akamtoa Masese. Akachagua hali ya juzi, kabla ya amri. Rudisha zote.

Kidole kikabonyeza. Wingu likajibu kwa neno moja: Imepokelewa.

Mlango ukapigwa teke.

"Mikono juu, Bonareri!"

Masese alikuwa na suti ya kijivu na tope hadi magotini, kama fundi wa zamani. Bastola ilikuwa mkononi. Macho yake yakakimbia kutoka kwa Sheila hadi kwenye kifaa chenye taa ya kijani.

"Kumbe hiki ndicho," akasema. "Takataka hii."

Akakipiga risasi mbili. Kitambaa kikashika moto, plastiki ikaruka, taa ikazima. Akaipiga na laptopu pia.

Mama Damaris akauzima moto kwa gunia.

"Basi," Masese akahema. "Imeisha. Mama yako ndiye huyo anaenda, na wewe unamfuata."

Sheila alishusha mikono polepole.

"Ulisimama mbele ya wafanyakazi wote ukajigamba, Masese. Ombui alinisimulia. Ulisema siku za kumkimbiza fundi barabarani zimekwisha. Amri inatolewa mara moja, kisha wingu linafanya kazi yote, hata aliyeitoa akienda kulala."

Masese hakuelewa. Kisha akaelewa, na bastola ikashuka kidogo tu.

Kidogo hicho kilitosha.

Sheila akasukuma meza ikamgonga mapajani. Risasi ikaingia darini. Kiwiko chake kikamkuta Masese kooni, goti likamkuta tumboni, na bastola ikateleza hadi miguuni pa Mama Damaris, aliyeikalia kabisa, na kilemba chake na uzito wake wote.

"Jaribu kunitoa hapa," akasema.

Pingu zikalia.

"Kilele. Niambie."

Sheila alihesabu pumzi zake mwenyewe, kwa sababu hakujua za mama yake.

"Kilele!"

"Nukta zinageuka," Onsongo akasema, na sauti yake haikuwa ya kikazi tena. "Birongo kijani. Nyamarambe kijani. Kisii..." Akasoma skrini tena. "Kisii kijani. Valvu zimefunguka. Muuguzi anasema mama yako anavuta vizuri."

Sheila akaegemea magunia ya mahindi.

Simu ya Masese ikalia mfukoni mwake. Sheila akaitoa, akaipokea.

"Masese? Imekwisha?" Sauti ya kigeni. Nyuma yake, tangazo la uwanja wa ndege wa Kisumu.

"Masese hapokei simu, bwana Varga. Leo ni Sabato."

Akakata.

"Yuko Kisumu, anangoja ndege," akamwambia Onsongo. "Mchukueni."

"Tumesikia. Vijana wanaingia sasa."

Polisi walipofika, waimbaji walikuwa wameanza tena upya, kwa sauti ya juu zaidi. Sheila alibandua ile karatasi ya Ombui. Kona moja ilikuwa imeungua. Akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani, upande wa moyo.

Mama Damaris aliinuka kutoka kwenye bastola, akakitazama kifaa kilichotobolewa.

"Bado kina umeme," akasema kwa woga. "Nikiache? Kaka yako alikuwa anataka kikae kimewashwa."

Sheila akainama, akashika plagi.

"Amepumzika, mama. Nacho kipumzike."

Akaichomoa. Akatoka nje, akafuta damu kwenye usukani wa pikipiki iliyobaki na kioo kimoja, akawasha, akashuka kilima kuelekea Kisii, kwa mama.