Jina Ambalo Mayige Hakuliimba

Kilichomshtua Nyanjige si kilio cha mtoto, ni vile kilivyokatika. Josia alikuwa akilia tangu asubuhi, mdomo wazi, ulimi unatetemeka, halafu ghafla kimya, kama mtu aliyesikia anaitwa.

Simu ilikuwa juu ya gunia la pamba, inacheza albamu mpya ya mumewe. Mayige na wenzake walikuwa wanapiga metal huko Mwanza, muziki wa chinichini usiochezwa redio yoyote, magitaa yanakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye mawe, na yeye mwenyewe ananguruma kutoka tumboni. Tangu Nyanjige ajifungue hajaja. Basi alikuwa anaicheza tu, ili nyumba ile ya Ngulyati iwe na sauti ya mtu mwingine.

"Huyu anaimba au tumbo linamsokota?" Philomena, mama mkwe wake, aliingia akicheka.

"Si ndiye mwanao huyo, mayu! Ila angalia, mtoto kanyamaza."

Akaurudisha wimbo nyuma. Josia akaanza tena kulia. Magitaa yalipotulia katikati ya wimbo, likabaki moja tu, ukatoka mngurumo mmoja, mzito, mrefu, na mtoto akanyamaza.

Philomena hakucheka tena. Kwao, mtoto anayelia bila ugonjwa huitiwa majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine, na jina atakalolinyamazia ndilo lake. Aliyekuwa nalo ndiye atakayemlinda. Mayige alikataa mwanawe asifanyiwe hivyo, eti mambo ya kizamani.

"Hapo kaitwa nani?" Philomena alinong'ona. "Mpigie mumeo."

Mayige alipokea kwa furaha, Nyanjige akamuuliza ni jina la nani analonguruma katikati ya wimbo. "Pale katikati? Pale hakuna mtu anayeimba, mke wangu. Tuliacha gitaa peke yake. Mimi nilikuwa nje navuta sigara."

Philomena akaufuta wimbo kwa mkono wake. "Umemchezea mara ngapi?"

"Kila siku, mayu. Si ndio alikuwa analalia."

Bibi akamwita mjukuu wake Mabula, akamwita Mahona, akamwita Maganga, wazee wote wa ukoo, na mtoto akazidi kulia. Akajifunga kanga, akaita bodaboda ya kwenda Zagayu kwa mganga. "Mwache alie. Akilinyamazia lile jina la kwenye wimbo tena kabla sijarudi, si wetu."

Nyanjige akabaki peke yake, mchana kweupe, jua linawaka, na bado ndani kukaanza kunuka udongo uliofukuliwa sasa hivi, na mtoto analia, anakakamaa, midomo inageuka bluu, anavuta pumzi haiji, na ziwa halitaki, na mgongoni hataki, na barabarani hakuna hata mlio wa pikipiki, na hakuna wa kumuuliza afanye nini, hakuna, mpaka koo lake mwenyewe likaanza kuwasha kwa chini, akajikuta amefumba macho, ameinama kwenye sikio la mwanawe, na ule mngurumo ukamtoka, mzito, mrefu, bila kukosea.

Josia akanyamaza. Akavuta pumzi, rangi ikamrudi, akatabasamu, tabasamu lake la kwanza.

"Mwanangu," Nyanjige alilia. "Mwanangu, niangalie mimi."

Hakumwangalia. Alitazama juu ya bega la mama yake, akanyoosha mikono yote miwili kama mtoto anayetaka kubebwa, na Nyanjige, aliyekuwa bado amempakata, akahisi uzito wake unapungua mapajani, taratibu, kama vile mtu ameshamshika kwapani na anamnyanyua.