Mafiga ya Pangoni

Majivu yalikuwa ya moto, na jana yake Placidia hakukoka moto kabisa. Alilala na uji wa baridi kwa uvivu, maana mjane akipika anampikia nani? Aliyagusa tena, akajiambia uzee umeanza kumchezea.

Mafiga yenyewe yalikuwa mageni kwake. Wataalamu waliochimba pangoni, kule kilimani ndani ya mpaka wa hifadhi, walimwajiri awapikie. Walimweleza kwamba watu waliishi mle kabla mgomba wa kwanza haujafika Nyakatuntu, wakiwinda nyati na swala ambao leo wanalindwa na askari. Walipoondoka na masanduku yao waliacha nje mawe matatu yaliyoiva masizi. Ya kwake yalikuwa yamepasuka, basi akayabeba hayo ya pangoni. Mama yake asingethubutu. Kwao mtu akihama hubeba sufuria na magodoro, mafiga huyaacha, na ya mwenzako huyagusi.

Kisha ikaja harufu ya nyama ya porini iliyochomwa, asubuhi kweupe, kwenye nyumba ambayo haikuona nyama tangu Pasaka. Jirani yake Dafroza alisimama mlangoni, akashusha sauti.

"Shikamoo mama. Hiyo nyama ifiche, waitu, tafadhali. Askari wa wanyama wakipita hapa watakubeba."

"Marahaba. Sijapika, mwanangu."

"Na huyo unayeongea naye ndani?"

Placidia aliufunga mlango. Ukweli ni kwamba alishaanza kuongea. Tangu amzike mumewe, na Edith, mwanawe wa pekee, ahamie Bukoba, hakuna aliyevuta pumzi upande wa pili wa moto wake. Sasa alikuwepo mtu.

Jioni moja, akimenya ndizi, alisikia jiwe likikwaruza ngozi, kwaru, kwaru, karibu kabisa na goti lake, na mkeka mtupu ukabonyea kama umekaliwa, na juu ya jani la mgomba likatokea pande la nyama linalofuka moshi, na ingawa aliogopa, moyoni alihisi jambo alilokuwa amelisahau, kwamba kuna mtu amemkaribisha chakula. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Kulipokucha alikwenda kwa Mwesiga, mganga wa Kituntu, rozari ameificha mfukoni.

"Umekula?" Mwesiga alinong'ona.

"Sijala."

"Usile. Huyo wenzake walikwisha zamani mno, amebaki peke yake na moto wake. Ukila chake, wewe ni wa kwao, hapa hurudi. Rudisha mawe yote leo. Usimjibu, usigeuke nyuma."

Aliyarudisha. Njia nzima nyasi zililala nyuma yake, hatua kwa hatua. Alipoyapanga mdomoni mwa pango, kitu kilishusha pumzi kisogoni pake, kwa huzuni, kama mgeni aliyefukuzwa. Hakugeuka.

Nyumbani alipanga matofali matatu. Harufu ilikwisha. Majivu yakawa ya baridi. Alimenya ndizi, na alipoangalia sufuria aliona amemenya za watu wawili. Akalia, bila kujificha, maana hapakuwa na wa kumwona.

Alimpigia Edith.

"Mama, niko kikaoni. Nitakupigia Jumapili."

Jumapili alitoka kanisani mbio, akakaa na simu mapajani mpaka giza likaingia.

Asubuhi iliyofuata aliingia kibanjani, kwenye migomba yake, akakata mkungu ulio bora, akajitwika. Dafroza, aliyekuwa akianika kahawa, alinyanyua kichwa.

"Mama, unaupeleka wapi huo?"

"Nimealikwa kula."

"Na nani?"

Placidia alikuwa ameshapita. Mlango aliuacha wazi, na kiberiti dirishani. Hakukihitaji. Kule kilimani, ambako hakuna anayeruhusiwa kuishi, moshi ulikuwa ukipanda kutoka pangoni.