Vifungo Viwili Chini ya Rula

Majirani zangu, sogeeni niwape habari ya sakafu yangu. Najua wengine mmeshaisikia vipande vipande, na kila aliyeisimulia ametia chumvi yake. Leo isikieni kwa mwenye nyumba, mwenye mguu na mwenye mdomo, kwani vyote vitatu ni vyangu.

Mimi ni mshonaji. Miaka arobaini nimekaa kwenye cherehani, na nguo yangu ukiigeuza hujui ndani ni wapi na nje ni wapi. Najisifu, ndiyo, sifichi. Mwanangu wa pekee ni fundi wa vigae, na mtaa mzima unamwita Dole, maana akishaweka kigae hupitisha dole gumba lake ukingoni, na akisema sawa, basi ni sawa. Binti yake naye ni fundi wa vigae. Alijifunza kwa baba yake, kisha akaenda kufanya kazi kwenye majengo makubwa ya ghorofa. Nyumba moja, mafundi watatu. Nani kama mimi?

Mwaka jana nilipata kiharusi. Nikapona, Mungu ni mwema, ila mguu wa kushoto ukabaki mzito, hauinuki vizuri, unaburuta. Nikawa nataka jambo moja tu duniani: kutoka kitandani mwangu mpaka kibarazani kwa miguu yangu mwenyewe, bila kushikwa kwapa kama mlevi. Lakini saruji ya ukumbini ilikuwa imejaa mashimo. Mwanangu akaniambia, "Mama, nitakuwekea sakafu ambayo hata huo mguu wako utaipenda."

Basi ilikuwa asubuhi tulivu, chai iko mezani, redio inaimba, na vigae vimeshaletwa. Vigae vikubwa, jamani! Kimoja ukikisimamisha kinanifika kifuani, na hubebwa na watu wawili. Nikawa navitazama kama bibi harusi anavyotazama sanduku lake.

Mjukuu wangu akaingia na mfuko, akaumwaga mezani karibu na chai yangu. Vikatoka vidude vya plastiki vya namna mbili.

"Baba," akasema, "hivi vikubwa si kama vile vidogo ulivyovizoea. Kigae kirefu namna hii hupinda kidogo katikati, jicho halioni. Ukingo wa kimoja unaweza kupanda juu ya mwenzake. Ndiyo maana siku hizi tunatumia klipu. Mguu wa klipu unakaa chini ya vigae viwili, juu unakaza, vinabaki sawa mpaka gundi ikauke. Ikishakauka unaigonga, inakatika, mguu unabaki chini."

Dole akaendelea kunywa chai.

"Nimezijaribu zote kazini," mtoto akaendelea. "Hizi za kabari ni rahisi, zinakazwa kwa koleo. Lakini mwenye mkono mzito, na wewe Baba una mkono mzito, anakaza kupita kiasi, klipu inakatika kabla ya wakati, au kigae kinanyanyuka kwenye gundi, chini panabaki uwazi. Hizi za kifuniko unazungusha kwa vidole, pole pole, unasikia zinapofika. Kwa ukumbi wa Bibi nimechagua hizi. Ila kwanza tusawazishe saruji. Klipu inasawazisha kingo, haifukii mashimo."

"Umemaliza?" akauliza Dole.

"Nimemaliza, Baba."

"Hili dole limepita nyumba mia tatu na ushee. Hivyo vidude ni vya watu wasio na macho. Nimekufundisha mimi kushika mwiko, leo unifundishe mimi!"

Mtoto akanigeukia. Macho yake yaliniomba nimsaidie. Nami, majirani zangu, sikilizeni vizuri hapa, nilisema nini? Nilisema, "Muache baba yako afanye kazi. Dole lake halijawahi kudanganya." Akazikusanya klipu zake moja moja, akazirudisha mfukoni, akaenda zake kazini. Maneno yangu hayo mpaka leo yananichoma.

Kwa siku mbili Dole akaweka vigae. Mashimo aliyaziba kwa gundi nene, akapanga kama matofali, nusu kwa nusu, akagonga kwa nyundo ya mpira, akapitisha dole. Sawa! Akapitisha tena. Sawa! Na kweli palikuwa sawa, simsingizii. Ila gundi ilikuwa bado mbichi. Gundi nene ikikauka hunywea, na kigae kikubwa hushuka nayo upande mmoja. Dole lilipita likaenda kulala, na gundi ikafanya ilivyotaka.

Siku ya tatu sakafu ikang'aa kama kioo. Majirani mkaja, nyinyi wenyewe, mkasimama kibarazani. Mmoja wenu akasema, "Huyu Dole kiboko!" Mimi nikavimba kichwa. Nikamwambia mkwe wangu, mke wa Dole, aniachie mkono. "Niache! Leo natembea mwenyewe mbele za watu."

Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mguu wa kushoto unaburuta, shaa, shaa, nanyi mnapiga makofi. Hatua ya saba ukakwama. Kwenye nini, sikuona. Mwili wote ukalalia mguu wa kulia, ule mzima, kifundo kikapinda, nikasikia ka! Kisha nikawa chini, shavu kwenye kigae kipya, kinang'aa kweli kweli.

Mfupa ukapata ufa. Wiki sita za plasta. Mguu mmoja mgonjwa, mwingine umefungwa. Hata msalani nikawa nabebwa. Aibu iliyoje! Mimi niliyevalisha maharusi nusu ya mtaa.

Na Dole? Dole akasema, "Ni hizi ndara." Akazichukua ndara zangu, akazitupa jalalani. Mlipokuja kunitazama mkauliza imekuwaje, nami nikajibu, "Ni ndara jamani, zilikuwa zimekwisha." Nilijua nasema uongo. Nilikuwa nalilinda jina la mwanangu, nimelala chali.

Lakini nyumba ikapoa. Baba na binti wakawa wanasalimiana kama watu wa foleni ya benki. Mkwe wangu akipita ukumbini akawa anaruka hapo pa hatua ya saba bila kujua kwamba anaruka. Wiki moja ikapita hivyo.

Siku ya mapumziko mjukuu akaja chumbani kwangu.

"Bibi, niazime rula yako ya kukatia nguo. Na lile kopo la vifungo."

"Unashona nini?"

"Sishoni. Nataka kuzisafishia jina ndara zako, zizikwe kwa heshima."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu nianguke. Mlango ulikuwa wazi, nikawa namwona. Akapiga magoti ukumbini, akalaza rula juu ya kigae kilichopanda mpaka ikaning'inia juu ya mwenzake. Akachukua kifungo cha shati, akakisukuma chini ya rula. Kikapita. Akaweka cha pili juu ya cha kwanza, akasukuma. Vikapita vyote viwili, kigae kimepanda juu ya mwenzake kiasi hicho. Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe mkononi. Mtoto akageuka, akamwona. Aliinuka tu, akaviacha vifungo palepale.

Nikaita, "Dole! Njoo hapa. Niletee na mto wangu wa pini."

Akaja, akanipa. Kile kimto kilichojaa pini mnakijua, kimekaa kwenye cherehani yangu tangu huyu bwana anatambaa.

"Mwanangu, mimi ni fundi au si fundi?"

"Ni fundi, Mama."

"Umewahi kuniona naunganisha vitambaa viwili bila pini?"

"Hapana."

"Kwa nini? Sina macho? Sina vidole?"

Akaanza kuzitazama zile pini.

"Kitambaa nikikishika kwa vidole kinakaa sawa. Nikiondoa vidole kiende cherehani, kinateleza. Pini inakaa pale ambapo kidole changu hakiwezi kukaa. Miaka arobaini, na sijaona haya hata siku moja. Sasa wewe haya unamwonea nani? Binti yako?"

Akatoka. Nikamwona anachuchumaa ukumbini, anapitisha dole lake kwenye ule ukingo. Dole likasimama. Akalirudisha, likasimama palepale. Akakaa chini kama mtoto aliyeangusha chungu, na nawaambia ukweli, moyo uliniuma kuliko mguu. Kisha akarudi, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, hazikuwa ndara."

"Najua."

"Nisamehe."

"Mimi nimeshakusamehe. Mwingine yuko huko nje anasubiri."

Akamfuata binti yake kibarazani. Hakutoa hotuba. Aliuliza neno moja tu, nami nikalisikia kwa masikio yangu: "Tunaanzia wapi?"

Jamani, fundi wa miaka ishirini kumuuliza mwanawe tunaanzia wapi! Nimeshona magauni mengi mazuri katika maisha yangu, lakini sijawahi kujivuna kama siku ile.

Wakavunja ukumbi wote. Wakasawazisha saruji kwanza, wakaiacha ikauke sawasawa. Safari hii hawakupanga nusu kwa nusu. Mtoto alisema katikati ya kigae ndipo penye mgongo, usiweke ncha ya mwenzake hapo, sogeza theluthi. Baba akasogeza theluthi. Mtoto akapachika klipu, baba akazungusha vifuniko kwa vidole.

"Taratibu, Baba. Imetosha."

"Imetosha?"

"Sikiliza vidole vyako. Si una dole?"

Wakacheka wote wawili. Kesho yake gundi imekauka, mtoto akampa baba nyundo ya mpira, naye akaikataa. "Gonga wewe, kazi ni yako." Akagonga kufuata mstari, pa! pa! pa! Vifuniko vikaruka ukumbi mzima. Na Dole akapitisha dole lake kutoka chumbani kwangu mpaka mlango wa kibarazani, hakuna lilipokwama.

Plasta ilipotolewa mlikuja tena, wambea nyie, kuona kama nitaanguka mara ya pili. Nikasema niachieni mkono. Shaa, shaa, shaa. Hatua ya saba nikasimama makusudi, nikawatazama usoni mmoja mmoja, nikaendelea. Hatua kumi na tisa mpaka kibarazani. Mmoja wenu akapiga kelele, "Dole kiboko!" Mwanangu akainua mkono.

"Hapana," akasema. "Aliyeweka sakafu hii ni binti yangu. Mimi nilikuwa msaidizi wake."

Mjukuu wangu akajifanya anatafuta nyundo, kumbe analia.

Funzo la sakafu hii

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini kwetu mkuu ndiye hakusikia la mdogo, na guu lililovunjika halikuwa lake. Kiburi cha fundi huumiza anayetembea juu ya kazi yake.

Mafundi, chagueni kifaa kinachofaa kazi iliyo mbele yenu, hata kama kazi ya jana mliimaliza bila hicho kifaa. Mkishakichagua, msikitegemee kufunika mashimo; mashimo yazibeni kwanza. Na kifaa hakimpunguzii mtu ufundi, kama pini zisivyonipunguzia mimi.

Wazazi, lenu ni hili, nami nalisema nikiwa wa kwanza kwenye mstari. Aliyemwambia mtoto anyamaze asubuhi ile si Dole peke yake. Nilimsifu mwanangu mpaka nikamziba masikio. Msifuni mtoto, msifuni sana, lakini mwachieni sikio moja wazi.

Vile vifungo viwili nimevishona kwenye gauni langu la kutokea, hapa kifuani. Mkiniuliza ni vya nini, nitawasimulia tena.